Wafalme wa Lualaba: Kuinuka na Kuanguka kwa Dola ya Waluba

Dola ya Waluba ilizaliwa penye maziwa na matope, mbali kidogo na machimbo ya shaba yaliyoipa sehemu kubwa ya fahari yake. Mto Lualaba huanzia katika nyanda za juu za kusini mwa Katanga, hupita karibu na mahali ulipo leo mji wa Kolwezi, hupenya kwa kishindo katika magenge ya Nzilo, kisha huteremka hadi Bukama. Kuanzia hapo maji hutulia. Mto husambaa katika bonde pana la Upemba lenye maziwa yaliyozingirwa na mafunjo: Upemba, Kisale, Kabamba na mengine madogo yasiyohesabika kwa urahisi. Masika yakikolea, bonde hufurika. Kiangazi kikiingia, maji hurudi nyuma na kuacha udongo mzito wenye rutuba pamoja na madimbwi yaliyojaa samaki. Katika nchi ambayo mbung'o walizuia ufugaji wa ng'ombe, samaki mkavu alikuwa mali. Alikaushwa kwa jua na moshi, akafungwa mizigo, akachukuliwa vichwani hadi nyanda za juu ambako kitoweo kilikuwa adimu. Aliyesafiri na samaki kwenda kusini alirudi na shaba au chumvi.

Historia ya bonde hili ingepotea kama wakazi wake wasingekuwa na desturi mbili: kuwazika wafu wao pamoja na vyombo, na kurudi kuzika katika makaburi yaleyale karne baada ya karne. Mwaka 1957 Jacques Nenquin alianza kuchimba Sanga, kwenye ukingo wa Ziwa Kisale, na mwaka uliofuata Jean Hiernaux akaendeleza kazi hiyo. Mwaka 1959 yalichimbwa makaburi ya Katoto, jirani na Bukama. Katika miaka ya 1970 Pierre de Maret alirudi Sanga, akaongeza Katongo, Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu, na kwa kupima kaboni ya mabaki aliweza kupanga tarehe kwa ukamilifu zaidi kuliko watangulizi wake. Matokeo yake ni mfululizo usiokatika tangu karne ya 6 au ya 7 hadi siku za Waluba wa karibuni. Ni sehemu chache sana za bara la Afrika, ukiacha bonde la Nile, ambako mtu anaweza kufuatilia jamii moja kwa muda mrefu kiasi hicho kwa kutazama makaburi yake.

Wakazi wa mwanzo, wale ambao wanaakiolojia huwaita watu wa Kamilamba, walikuwa wakulima na wavuvi waliojua kufua chuma. Hapakuwa na tofauti kubwa baina yao. Karne ya 8 ikaleta kipindi cha kwanza cha Kisale, na humo dalili za ukubwa zinaanza kuonekana. Kaburi moja la Kamilamba linasema mengi. Mtu aliyezikwa humo aliwekewa fuawe la chuma karibu na kichwa, na pamoja naye shoka la heshima ambalo mpini wake ulipigiliwa misumari ya chuma kama pambo. Shoka la namna hiyo halikati kuni. Miaka elfu moja baadaye, wakuu wa Kiluba walikuwa bado wakibeba mashoka ya heshima, na fuawe lilikuwa bado miongoni mwa alama za ufalme: mfalme alipotawazwa zilifanywa ishara za mhunzi anayepiga chuma, na pini za nywele zilizotengenezwa kwa umbo la fuawe zilivaliwa na wenye vyeo. Pale Kamilamba, basi, kuna mtu aliyekuwa na nembo za utawala kabla jina la mfalme yeyote wa Kiluba halijakumbukwa na msimulizi yeyote.

Kipindi cha pili cha Kisale, takriban karne ya 10 hadi ya 13, ndicho kilele cha utajiri wa makaburi haya. Wafinyanzi wa Sanga walitengeneza vyungu vyembamba, vyenye shingo zilizonakshiwa na mikono ya kushikia, na mara chache chupa yenye sura ya mtu. Vyombo vingi havina alama ya moto wala ya kutumika. Vilifinyangwa kwa ajili ya mazishi. Wafu walivikwa mikufu, bangili na mikanda ya shaba iliyosukwa kwa nyuzi nyembamba, shanga za mifupa na za pembe za ndovu, na katika makaburi machache kauri zilizotoka Bahari ya Hindi. Kauri moja iliyofika Kisale katika karne ya 11 ilikuwa imepitia mikono mingi, kwa kuwa kutoka pwani hadi hapo ni zaidi ya kilomita 1,500, na hakuna ushahidi kwamba msafara mmoja uliwahi kuikata njia hiyo yote zama hizo. Jambo la kugusa zaidi ni makaburi ya watoto. Vyungu walivyowekewa vinalingana na umri wao: mtoto mchanga alipewa vyombo vidogo sana, na kadiri umri ulivyopanda ndivyo vyombo vilivyokua. Mtu aliketi akafinyanga chungu kwa kipimo cha marehemu. Na kwa kuwa baadhi ya watoto hao walizikwa na mali ambayo hawangeweza kuichuma wenyewe, ni wazi kwamba cheo kilikuwa kimeanza kurithiwa.

Shaba yote hiyo ilitoka kusini. Bonde la Upemba halina mawe ya shaba. Ukanda wenye mawe hayo huanzia karibu na Kolwezi, ukapita Fungurume, Likasi na Kambove hadi Lubumbashi na Kipushi, kisha ukaingia Zambia. Uyeyushaji ulianza huko katika karne za mwanzo za zama za Kristo. Wachimbaji walifuata malakiti, jiwe la kijani linaloonekana juu ya ardhi, na mara nyingi walipata dalili yake katika vilima visivyoota miti, kwa sababu udongo wenye shaba nyingi huua mimea mingi na kuacha majani ya aina chache tu. Kazi ilifanyika kiangazi, baada ya mavuno, wakati mashimo yamekauka na mikono haina kazi shambani. Wanaume walichimba kwa sululu za chuma, mashimo mengine yakazama kina cha mita nyingi. Wanawake na watoto walichambua mawe na kuyasafisha mtoni. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ambao hustahimili moto kuliko udongo wa kawaida, likajazwa makaa ya miti migumu na malakiti kwa tabaka, na mivukuto ya ngozi ikapigwa kwa zamu. Miongoni mwa Wasanga, ambao ndio wenyeji wa sehemu kubwa ya ukanda huu, wayeyushaji walikuwa na chama chao chenye miiko na dawa. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, aliyeandika kuhusu kazi hiyo mwaka 1926 kutokana na maelezo ya wazee waliokuwa wameifanya, aliwaita walaji wa shaba, na jina hilo limewaganda hadi leo.

Shaba iliyoyeyuka ilimiminwa katika kalibu zilizochongwa ardhini kwa umbo la msalaba wenye mikono minne. Misalaba hiyo haihusiani na Ukristo. Ilikuwapo karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza. Mabadiliko yake katika makaburi ya Upemba yanaeleza hadithi ya biashara vizuri kuliko simulizi lolote. Katika kipindi cha Kabamba, kilichofuata Kisale kuanzia karne ya 13 au ya 14, msalaba ulikuwa mkubwa na makaburi machache tu yaliupata, ukiwa umelazwa kifuani mwa marehemu. Huo ulikuwa hazina, pengine mahari au malipo ya jambo zito. Karne zilivyosonga misalaba ilipungua ukubwa, ikafanana zaidi, na ikaongezeka idadi. Kufikia karne ya 16 na ya 17 wafu walizikwa na mafungu ya misalaba midogo, mingine mifupi kuliko kidole, mikononi au kiunoni, mahali ambapo mtu huweka fedha zake. De Maret alihitimisha kwamba shaba ilikuwa imegeuka sarafu, na ni vigumu kuupinga mkataa huo. Watu wa bonde walikuwa na fedha ya madini, yenye vipimo vinavyokaribiana, bila mfalme wa kuipiga mhuri na bila kuwa na mgodi hata mmoja.

Simulizi za Waluba zinaanza namna nyingine kabisa. Zinamtaja Nkongolo Mwamba, mtawala mwekundu aliyehusishwa na upinde wa mvua, mkatili, mlevi, asiyeona haya kula mbele za watu, aliyeishi Mwibele karibu na Ziwa Boya. Kutoka mashariki, ng'ambo ya Lualaba, akaja mwindaji Mbidi Kiluwe, mtu mweusi tii, mwenye adabu, aliyejificha kila alipokula. Nkongolo alimkaribisha na kumpa dada zake, Bulanda na Mabela. Mbidi akarudi kwao. Bulanda akamzaa Kalala Ilunga, ambaye alikua hodari wa vita na wa michezo kiasi cha kumtia mjomba wake wivu. Nkongolo akaamuru shimo lichimbwe, likasimikwa mikuki, likafunikwa kwa mkeka, na Kalala akaitwa aje kucheza ngoma juu yake. Mpiga ngoma akamwonya kwa mlio wa ngoma yake. Kalala akaruka, akavuka mto, akaenda kwa babake na kurudi na jeshi. Nkongolo alikatwa kichwa. Kalala akafanya makao Munza na kuanzisha ukoo uliotawala hadi ukoloni.

Kwa muda mrefu wanahistoria walilichukua simulizi hili kama taarifa ya uvamizi: wageni wa mashariki walikuja na ufalme, wenyeji wakaupokea. Makaburi hayakubaliani na jambo hilo. Hakuna mahali ambapo ufinyanzi, mazishi au nembo za utawala vinakatika ghafla kana kwamba watu wapya wameingia na kuwafukuza wa zamani. Fuawe na shoka vilikuwapo karne nyingi kabla. Lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba simulizi hufundisha tofauti kati ya utawala wa mabavu na utawala wa adabu. Nkongolo ni nguvu isiyo na mpaka, Mbidi ni staha, na mfalme halali ni yule mwenye damu ya wote wawili. Hata kanuni ya mfalme kula peke yake, ambayo wageni wa karne ya 19 waliiona ajabu, ilipewa asili yake hapo. Dola kubwa yenyewe, yaani ile iliyotoza hongo na kupokea wajumbe kutoka mbali, ilijengeka taratibu magharibi ya maziwa, penye chumvi na chuma, na haionekani kuwa imepata nguvu kamili kabla ya karne ya 17 au ya 18.

Msingi wa dola hiyo ulikuwa bulopwe, yaani utakatifu uliokaa katika damu ya ukoo wa kifalme. Mulopwe, mfalme, hakuchukuliwa kama mtu wa kawaida aliyepewa madaraka. Siku za kutawazwa alitengwa, akapitishwa katika ibada zilizomtoa katika ubinadamu wa jana, akatoka akiwa kiti cha mizimu. Alipokufa, mambo yaliendelea kwa njia ambayo haina mfano mwingi katika falme za jirani. Makao yake hayakurithiwa. Yaligeuka kitenta, kijiji cha roho, na humo roho ya marehemu ilimpanda mwanamke aliyeitwa mwadi. Yeye alitunza kikapu cha masalia ya mfalme, alipokea zawadi, alikuwa na watumishi na wazee wake, na mfalme mpya alipotaka shauri zito alituma watu kwake. Mfalme mpya naye alilazimika kujenga makao mapya. Kwa hiyo nchi ilijaa vijiji vya wafalme waliotangulia, kila kimoja kikisema kwa sauti ya mwanamke. Wachongaji wa Kiluba walilijua jambo hili vizuri: viti, fimbo za cheo na vishikio vya pinde vya wafalme wanaume karibu vyote vimepambwa kwa sura ya mwanamke, mara nyingi akiwa ameshika matiti yake, kwa kuwa siri za ufalme ziliaminika kutunzwa humo.

Kumbukumbu ilikuwa na walinzi wake. Chama cha Mbudye kiliwaunganisha wenye vyeo, wanaume kwa wanawake, waliopanda daraja baada ya daraja kwa kujifunza nasaba, njia za safari za mababu, mahali pa mizimu na sheria za ufalme. Waliofika juu walitumia lukasa, ubao unaoenea kiganjani, wenye umbo la saa ya mchanga, uliopachikwa shanga za rangi, kauri na vipande vya chuma, au kuchongwa alama. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto na kupitisha kidole cha kulia juu ya shanga huku akisimulia au kuimba. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo iliweza kuwa mkuu na watu wake. Mstari wa shanga ulikuwa njia au safari. Rangi ilimtofautisha Nkongolo na Mbidi. Alama hizo hazikuwa na maana moja iliyofungwa. Mzee aliyesimulia mbele ya ukoo unaodai ardhi aliweza kuusoma ubao uleule tofauti na alivyousoma kwenye kutawazwa. Wageni wengi wamelitazama jambo hili kama udhaifu, lakini hapo ndipo ilipokaa nguvu yake: historia ilibaki kuwa mjadala wenye kanuni, na Mbudye ndio waliokuwa waamuzi. Mfalme aliyezivunja sheria za Mbidi Kiluwe aliweza kukumbushwa na watu ambao hakuwa na uwezo wa kuwanyamazisha bila kujinyima uhalali wake mwenyewe.

Ndani ya ikulu kulikuwa na vyeo kama twite, aliyekuwa karibu na mambo ya vita na ulinzi, na inabanza, aliyetunza mambo matakatifu. Hata hivyo, nje ya kitovu chake, kati ya mito Lomami na Lualaba, dola haikutawala kwa maofisa wengi. Ilitawala kwa heshima. Mkuu wa mbali aliyetaka kutukuka machoni pa watu wake alikwenda kwa mulopwe akapewa moto mtakatifu, udongo mweupe wa kujipaka, fimbo au kiti, na labda mke wa ukoo wa kifalme. Naye akaleta pembe, chumvi, vitambaa vya rafia, samaki au shaba. Wengine walitengeneza nembo za Kiluba wenyewe na kujitungia uhusiano na Mbidi Kiluwe bila kuwahi kutia mguu ikulu. Ramani zinazoonyesha eneo kubwa lililopakwa rangi moja, kutoka Lomami hadi Ziwa Tanganyika, zinapotosha kwa sababu hiyo. Sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa na watu waliotaka kufanana na Waluba, na wafalme waliona hiyo inatosha.

Mvuto huo ulifika hadi kwa Walunda, ambao makao ya mfalme wao, Mwant Yav, yako Musumba katika mkoa wa sasa wa Lualaba. Simulizi zao zinasema mwindaji wa ukoo wa Kiluba, Chibinda Ilunga, alimwoa malkia Rweej, na kutokana na ndoa hiyo ukaanza utawala mpya. Kama zilivyo za Mbidi, habari hizi zinaeleza zaidi mahali ambapo heshima ilitafutwa kuliko nani alimzaa nani. Walunda walikwenda mbali kwa namna yao. Katika karne ya 18 waliweka wakuu wao Lualaba ya juu, penye chumvi na shaba, na kutoka hapo Kazembe alisonga mashariki hadi Luapula. Tangu wakati huo sehemu ya shaba ya upande wa Kolwezi ilielekea magharibi na mashariki kama hongo ya Walunda. Wafanyabiashara wawili kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, walipopita njia hiyo mwanzoni mwa karne ya 19 wakielekea Tete, waliikuta nchi ikizungumza lugha ya shaba na chumvi. Katika makaburi ya Upemba, misalaba ilikuwa tayari imekoma, na nafasi yake kuchukuliwa na shanga.

Hapo ndipo Waluba walipofikia upeo wao. Ilunga Sungu, aliyetawala kuelekea mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, alipanua dola upande wa mashariki. Kumwimbe Ngombe, baada yake, alifikisha majeshi na wajumbe hadi jirani na Tanganyika. Ilunga Kabale aliishikilia hadi takriban mwaka 1870. Upanuzi huu ulibeba ugonjwa ndani yake. Damu ya bulopwe ilirithiwa na wana wengi wa wake wengi, na hakukuwa na kanuni ya kusema nani kati yao anatangulia. Kila mfalme alipokufa, ndugu walipigana, kila mmoja akisaidiwa na upande wa mamake. Kwa vizazi kadhaa vita hivyo vilikuwa vifupi, maana silaha zilikuwa sawa na mshindi alihitaji kukubaliwa na Mbudye na wazee wa vitenta. Vita vya mikuki baina ya ndugu vingeweza kuvumilika. Bunduki ndizo zilizoubadilisha ugonjwa kuwa kifo.

Bunduki zilikuja kutoka pande zote mbili za bara. Kutoka mashariki walifika Waarabu na Waswahili waliotafuta pembe, wakiwa wamepitia Tabora na Ujiji; kaskazini, Tippu Tip alijitengenezea himaya yake. Kutoka magharibi walikuja Waovimbundu wa Bihé na washirika wao Wareno, kisha Wachokwe. Kusini, takriban mwaka 1856, alifika Msiri, Msumbwa kutoka upande wa Unyamwezi ambaye watu wake walikuwa wamezoea njia ya shaba. Akajenga Bunkeya, akawageuza Wasanga kuwa raia wa kuyeyusha shaba kwa ajili yake, na akakata mizizi ya kusini ya biashara ya Waluba. Ndani ya kizazi kimoja dola iliyozoea kuwa kitovu ilijikuta imezungukwa na watu wenye baruti ambao hawakuhitaji udongo mweupe wa mulopwe ili kujiona wakubwa.

Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Kilemba, makao ya mfalme Kasongo Kalombo, mwishoni mwa 1874, akakaa miezi mingi akisubiri njia ya kuelekea Atlantiki. Mwenyeji wake alikuwa Juma bin Salim, aliyejulikana kama Juma Merikani, mfanyabiashara wa pwani ambaye Cameron anamsifu kwa ukarimu. Mfalme hakuwapo, alikuwa akizunguka nchi yake akiteka nyara. Aliporudi, Cameron aliona miongoni mwa watu wake waliokatwa mikono, masikio, pua na midomo. Tukio baya kuliko yote lilikuja baadaye, safarini, pale Coimbra, mmoja wa watu wa msafara wa Bihé, alipowasili na wanawake 52 waliofungwa kamba pamoja, wengine wakiwa na watoto na mizigo. Cameron alikadiria kwamba ili kuwapata hao viliharibiwa vijiji visivyopungua kumi vyenye jumla ya watu wapatao 1,500. Waliofanya hivyo walikuwa wamepata ruhusa ya mfalme, aliyewaazima wafanyabiashara nchi yake waichune ili apate bunduki na utumishi wao. Picha ambayo Ulaya iliipata ya mfalme wa Kiluba ilitoka katika kitabu cha Cameron, na ni haki kukumbuka kwamba ilikuwa picha ya ufalme unaojila. Kasongo Kalombo hakuwa mfano wa desturi ya Mbidi Kiluwe. Wasimulizi wa Mbudye wangemweka upande wa Nkongolo.

Kasongo Kalombo aliuawa katika miaka ya 1880, na wanawe wakagombana. Wawili walibaki na nguvu, Kasongo Nyembo na Kabongo, na hakuna aliyeweza kummaliza mwenziwe. Wakati huohuo Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili ilikuwa inaingia Katanga. Msiri alipigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891 na Omer Bodson, ofisa wa msafara wa dola hiyo ulioongozwa na Stairs, na Bunkeya ikaanguka. Kaskazini mwake, Kabongo alielewana na serikali mpya. Kasongo Nyembo alikataa; askari walioasi Luluabourg mwaka 1895 walipata kwake hifadhi na ushirika, na kwa zaidi ya miaka 20 aliendelea kuwa mwiba kwa utawala wa kikoloni, mpaka alipokamatwa mwaka 1917 na kupelekwa uhamishoni Buta, kaskazini kabisa mwa Kongo. Wabelgiji waliugawa ufalme kirasmi kati ya nasaba mbili, jambo ambalo wafalme wenyewe walikuwa wameshindwa kulitatua kwa vita.

Shaba nayo ilibadilisha wenyewe. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na watafutaji wa madini walianza kazi kwa kuuliza yaliko mashimo ya zamani ya Wasanga. Tanuru la kwanza la Lubumbashi lilitoa shaba mwaka 1911. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na samaki wa Upemba wakaanza kupakiwa garini kwenda kulisha kambi za wafanyakazi kusini, kwa njia ileile waliyopita mababu zao vichwani. Vijana wengi wa Kiluba walifuata samaki hao. Kolwezi, iliyokua kama mji wa migodi tangu miaka ya 1930, ina wakazi wengi wenye asili ya bonde hilo wakiishi pamoja na Wasanga, Walunda na Wachokwe. Serikali ya kujitenga ya Katanga ya mwaka 1960 ilichora misalaba mitatu ya shaba kwenye bendera yake, ingawa Waluba wa kaskazini walikuwa miongoni mwa wapinzani wake wakubwa.

Vyombo vya dola hiyo vimetawanyika. Viti na fimbo vilichukuliwa na maofisa, wamisionari na wakusanyaji, na sehemu kubwa iko Tervuren nchini Ubelgiji pamoja na majumba ya makumbusho ya London na New York. Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi ina vyungu vya Kisale na misalaba ya shaba, na ndipo mahali rahisi zaidi kwa msomaji wa Katanga kuviona bila pasipoti. Makaburi mengi ya Sanga bado hayajachimbwa, na kijiji kinaendelea kuishi juu yake. Ukuu wa Kasongo Nyembo, upande wa Kamina, na ule wa Kabongo ungali upo, kila mmoja na mulopwe wake.